Kware kumi na banda moja la kuku

BAHATI: Karibuni tena. Tuko hapa Goma, Himbi, na jogoo mnayemsikia ni wa jirani, mtuvumilie. Yaya Neema, leo nina sauti ya mama mmoja wa Ndosho. Shemeji yake amemletea kware kumi. Yeye ana kuku wanane na banda moja tu. Anauliza kama awaweke pamoja.

NEEMA: Hapana. Naanza na hilo hata kabla ya salamu, maana huenda anawaingiza sasa hivi. Mama, tafuta sanduku la mbao, kikapu, chochote, uwaweke humo. Halafu tuongee.

BAHATI: Umelisema kwa uchungu.

NEEMA: Kwa sababu yamenipata. Nilikuwa na kware kumi na wanne. Kuku wangu walikuwa wazima, wanataga vizuri, nikaona ndege ni ndege. Siku ya tatu jogoo alimdonoa mmoja kichwani akafa. Wiki mbili baadaye waliobaki wakaanza kujikunyata, manyoya yamesimama, kinyesi maji matupu. Nilibaki na wawili. Veterinere alimpasua mmoja akanionyesha utumbo: vidonda kila mahali. Na kuku wangu, Bahati, hata mmoja hakukohoa.

BAHATI: Hapo ndipo watu wanashindwa kuelewa. Kuku mzima anaambukiza nini?

NEEMA: Kuku anabeba vimelea bila kuonyesha chochote. Ule ugonjwa wa vidonda vya utumbo unaletwa na bakteria wanaopita kwenye kinyesi. Kuku pia anaupata, lakini kware ndiye anayekufa haraka, mpaka zamani uliitwa ugonjwa wa kware. Tena fikiria banda lenyewe: kuku analala juu kwenye fito, kware yuko chini. Usiku kucha kinyesi kinamwangukia, kwenye chakula, kwenye maji. Na yale mafua ya kuku, uso kuvimba na pua kutoa ute, yanapita kirahisi kwenye maji wanayochangia.

BAHATI: Wengi wetu tuna parseli ndogo, juu ya mawe ya volkano. Nafasi ya banda la pili inatoka wapi?

NEEMA: Kware hahitaji banda. Kizimba cha mita moja kwa nusu mita kinatosha ndege ishirini, ukikisafisha. Kimo kiwe sentimita 25 hivi, thelathini mwisho. Watu wanakijenga kirefu wakidhani wanamhurumia, kumbe kware akishtuka anaruka moja kwa moja juu kama jiwe la manati. Akipata nafasi ya kushika kasi, anapasua kichwa kwenye dari. Waya uwe wa matundu madogo, nusu inchi, kwa sababu ya panya. Hapa Goma panya wanaishi ndani ya nyufa za mawe, huwamalizi. Inua kizimba kwa miguu, na kila mguu uufunge bati.

BAHATI: Na kukihudumia?

NEEMA: Asubuhi anza na kware, kisha kuku, usirudi nyuma. Ndala unazovaa kwa kuku ziache mlangoni kwao.

BAHATI: Chakula sasa. Mama anasema ana mfuko wa chakula cha kuku wa mayai.

NEEMA: Hicho kina protini ya asilimia 16 au 17. Kware anayetaga anataka kama 20, na kifaranga wake anataka 24 na zaidi. Ukimpa hicho peke yake atakula, utafikiri ameshiba, lakini mayai yatapungua. Na kwa vifaranga ni kibaya zaidi, kwa sababu kina chokaa nyingi inayoharibu figo zao. Afadhali chakula cha kuanzia cha kuku wa nyama, usage tena kiwe laini, maana mdomo wao ni mdogo.

BAHATI: Na asiye na pesa za chakula cha mfuko?

NEEMA: Sisi tuna ziwa, mdogo wangu! Sambaza kavu, wale samaki wadogo wa ziwani, zisizo na chumvi, zitwangwe unga. Changanya na mahindi na soja. Lakini soja lazima ikaangwe kwanza. Mbichi inazuia tumbo kutumia protini, umepoteza pesa yako. Kware mkubwa anakula gramu 20 mpaka 25 kwa siku, kwa hiyo hawa kumi ni robo kilo tu. Kwa wanaotaga, kausha maganda ya mayai motoni, yaponde, uweke pembeni. Changarawe ya volkano inasaidia kusaga chakula, ila haichukui nafasi ya chokaa.

BAHATI: Mayai yanaanza lini?

NEEMA: Wiki ya sita mpaka ya nane, wakipata mwanga wa saa kumi na nne kwa siku. Mwenye kifua chekundu kisicho na madoa ni dume. Dume mmoja kwa majike watatu au wanne, madume wakizidi wanapigana. Na usingoje jike aatamie, kware wa kufugwa wamepoteza tabia hiyo. Ni kuvezi, mashine ya kuangulia, siku 17 au 18.

BAHATI: Shemeji alimwambia mama kwamba mayai haya yanatibu sukari na presha.

NEEMA: Ni chakula kizuri, basi. Mwenye sukari asiache dawa zake. Kule Kenya, mwaka 2013 na 2014, maneno hayohayo yalipandisha bei, kila mtu akafuga, kisha soko likaanguka na watu wakabaki na vizimba vilivyojaa. Mama, fuga kwa ajili ya watoto wako kwanza, kinachobaki ndiyo uuze.

BAHATI: La mwisho: usiku baridi inashuka. Aweke mbabula, jiko la makaa, karibu nao?

NEEMA: Kama ni wakubwa, wenye manyoya kamili, hapana, azuie upepo kwa gunia pande tatu, upande mmoja ubaki wazi. Moshi wa makala kwenye chumba kilichofungwa unaua ndege na watu pia. Vifaranga ndio wanaotaka joto, digrii 35 na zaidi wiki ya kwanza, na mawe madogo ndani ya chombo cha maji wasizame. Mama, tutumie sauti nyingine utuambie ni wakubwa au vifaranga. Tutakujibu leo hii.