Nota Zilizopotea

Asanteni, karibuni mkae. Nianze na karatasi.

Kwenye okestra wapiga fidla wana nota zao mbele yao, mpiga tarumbeta ana zake, na kiongozi ana kitabu kinachozikusanya zote. Bendi ya roki haihitaji hayo. Wimbo umo vichwani na mikononi mwao. Lakini okestra ukiipokonya karatasi, watakaa wakutazame tu.

Mwaka 1969 Jon Lord, mpiga kinanda wa bendi ya roki ya Deep Purple, alitunga kazi ya sehemu tatu kwa bendi yake na okestra. Ikapigwa tarehe 24 Septemba pale Royal Albert Hall, London, pamoja na Royal Philharmonic Orchestra, ikarekodiwa palepale na kutolewa kwenye santuri. Mwaka uliofuata nota zikapotea. Zote.

Aliyeongoza usiku ule ni Malcolm Arnold, mtunzi aliyewahi kuwa mpiga tarumbeta wa okestra, kwa hiyo ujanja wa wanaokestra aliujua. Wapo waliowabeza vijana wale wenye nywele ndefu, naye akasimama upande wa vijana. Mzozo wenyewe umo hata ndani ya muziki: katika sehemu ya kwanza okestra na bendi zinashindana waziwazi. Mimi ndiyo niipendayo kuliko ya tatu, wanapopatana.

Kuna shida nyingine, na hii haitatuliwi kwa heshima. Maikrofoni ukiiweka mbele ya fidla, Ian Paice wa Deep Purple akigonga ngoma, inanasa ngoma kuliko fidla. Ukipandisha fidla, na ngoma inapanda. Halafu okestra hufuata kifimbo cha kiongozi, na mara nyingi sauti yake hutoka kwa kuchelewa kidogo. Mpiga ngoma wa roki hana subira hiyo.

Sasa mwoneeni huruma Marco de Goeij. Huyu ni mtunzi wa Kiholanzi aliyeamua kuziandika upya nota zile kwa kusikiliza rekodi na kutazama filamu ya onyesho. Gitaa la Ritchie Blackmore wa Deep Purple linanguruma, chini yake kuna viola, zile fidla kubwa kidogo zenye sauti nzito zaidi. Zinapiga nini? Unarudisha nyuma, unasikiliza, unarudisha tena. Lord akaipokea kazi ile, wakairekebisha pamoja na kiongozi Paul Mann, na Septemba 1999 ikapigwa tena katika ukumbi uleule, safari hii na London Symphony Orchestra.

Lord alitaka pia rekodi ya studio. Mwaka 2011 Mann akaongoza Royal Liverpool Philharmonic, na sauti za wageni kama Bruce Dickinson na gitaa la Joe Bonamassa zikarekodiwa kwa wakati wake. Fidla ikapata maikrofoni isiyoingiliwa na ngoma. Lord alifariki tarehe 16 Julai 2012. Albamu ikatoka miezi michache baadaye.

Ni safi, nakiri. Kila chombo unakisikia mahali pake. Ila ile hofu ya 1969, ya watu wasiojua kama watafika mwisho pamoja, studio haikuweza kuirekodi.

Nisiseme sana. Fundi, tupigie dakika mbili za 1969, kisha palepale kwenye ile ya Liverpool. Msimsikilize Blackmore, zitafuteni viola.