Sukuma wiki ni mboga ya baridi

Mhadhara uliotolewa kwa jamii ya Waswahili wa Houston, Texas, mwishoni mwa Septemba

Shikamooni wazee wangu. Habari za jioni ndugu zangu wote. Mwenyekiti amenipa nusu saa, na ameniomba kwa adabu nisirudie habari ya sukuma wiki. Nimemsikia. Tuanze na sukuma wiki.

Kila mwaka ni yaleyale. Mwezi wa tano jua linakaza, mtu anakumbuka kwao, anatoa jembe gereji na kupanda sukuma. Mwezi wa saba ananipigia simu: majani yamekakamaa, machungu kama shubiri, yamejaa matundu, na kuna wadudu weusi wenye madoa ya rangi ya chungwa wamejipanga kwenye mshipa wa jani. Anataka nimtajie dawa. Dawa ni kalenda! Ukipanda Oktoba hatutapigiana simu za namna hiyo.

Nina jirani yangu, mama wa makamo, aliyeamua kwamba ubaya ni wa mbegu. Akaagiza mbegu kutoka nyumbani, zikaja katikati ya khanga ndani ya sanduku. Hilo msiige, mbegu zina vibali vyake na watu wa forodha hawana utani. Akazipanda Juni. Zikaota vizuri kabisa, kisha zikaanza kulegea mchana. Akasema hii ni kiu, akaongeza maji. Sasa mnaujua udongo wetu huu mweusi, mfinyanzi mtupu, ukilowa haupitishi maji na ukikauka unapasuka mpaka kidole kinaingia. Mizizi ikaoza. Akasema basi ni udongo, akanunua wa magunia. Viwavi wakafurahia udongo mpya. Akaniambia, "Baba, nchi hii haina baraka ya mboga." Nikamjibu, "Mama, baraka ipo, ila unabisha hodi siku mwenye nyumba hayupo."

Oktoba nikampelekea miche. Akaitazama, akanitazama. "Majira ya baridi ndiyo haya yanaingia, wewe unaniletea miche?" Akaipanda kwa kunistahi tu, maana mimi ni mkubwa kwake. Desemba alikuwa anachuma, na majani ni mapana kama sinia. Siku hizi ananipigia yeye kunitambia.

Niambieni, nani alitufundisha kwamba mboga za majani ni za joto? Sukuma ya Nairobi inatoka wapi? Limuru, Kinangop, kule watu wanavaa makoti Julai. Kabichi na karoti za Dar es Salaam zinashuka kutoka Lushoto, sio kutoka Kigamboni. Njombe asubuhi ya Juni umande unaganda kwenye majani. Wenzetu wa Kivu nao wanajua vizuri hewa ya milimani. Mimi nilikuwa bwana shamba kwenye milima hiyo, najua ninachosema. Januari ya Houston kwa wastani ni nyuzi 63 za Fahrenheit mchana na 44 usiku. Hiyo ni hali ya hewa ya milimani kwetu imeletwa mpaka mlangoni kwako bure, na wewe umejifungia ndani na hita.

Au waulizeni wenyeji. Jirani zetu Wamarekani weusi hapa Kusini, kila Januari mosi wanapika kunde na majani wanayoyaita kolardi. Kolardi ni sukuma wiki, au kama si yenyewe basi ni tumbo moja. Watakwambia majani ni fedha ya mwaka mpya. Sawa. Lakini chakula cha sikukuu ya Januari mosi hakichaguliwi mboga isiyokuwepo shambani. Na watakwambia jambo la pili: majani yale ni matamu zaidi yakishapigwa na baridi. Wanasema kweli. Mmea ukisikia baridi kali unageuza wanga kuwa sukari, na ile sukari inauzuia usigande upesi.

Najua, kuna mtu hapo nyuma anasema moyoni, "Na Februari 2021 je?" Ndiyo. Ilishuka mpaka nyuzi 13, mabomba yakapasuka, umeme ukakatika, watu wakafa. Sisemi haikutokea. Lakini usiku wa namna ile si wa kila mwaka, na hukuacha kujenga pwani hii ya Texas kwa sababu ya kimbunga. Usiku wa kuganda wa kawaida hapa, ule wa nyuzi 28 au 30, sukuma haikuombi chochote. Ikitangazwa baridi ya kushuka chini ya 25, fanya mambo mawili. Kwanza mwagilia udongo mchana, kwa sababu udongo uliolowa unatunza joto kuliko mkavu. Pili funika kwa shuka kuukuu, na shuka ifike chini, uikandamize na mawe pande zote. Joto linatoka ardhini! Nimewaona watu wanaufunga mmea kichwani kama wanamvisha kilemba, chini wazi. Hapo umeupamba tu. Plastiki isiguse majani. Asubuhi jua likitoka, funua.

Sasa jambo ambalo sisi watu wa ikweta linatushinda: jua. Kwetu jua la saa sita liko utosini mwaka mzima, hukufundishwa kuuliza kivuli kitaangukia wapi. Hapa Desemba jua la mchana linapita chini, upande wa kusini. Uzio wa futi sita, saa sita mchana, unatupa kivuli cha futi nane kuelekea kaskazini. Tuta ulilolipiga Agosti kando ya uzio wa kusini, ukaona jua tele, Desemba liko gizani kutwa nzima. Kisha unasema baridi imedumaza mboga. Piga tuta upande wa kaskazini wa uwanja, uso wake uwe wazi kwa kusini. Na liinue juu, inchi nane au kumi, kwa ule mfinyanzi niliousema.

"Mimi nakaa ghorofani." Najua unakaa ghorofani. Ndoo ya galoni tano, itoboe chini, mche mmoja. Ndoo nne kwenye baraza inayotazama kusini, familia haikosi mboga. Kama baraza yako inatazama kaskazini, mtafute mwenye uwanja mgawane mavuno, siwezi kulihamisha jua.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Mengine haraka haraka.

Giligilani, au dania kwa wa Kenya: panda Oktoba. Ukipanda Aprili itakimbilia kutoa maua kabla hujakata kachumbari. Vitunguu saumu, Oktoba, mng'oe Mei. Vitunguu maji, chagueni vya siku fupi, yaani vinavyofanya kichwa mchana ukiwa bado mfupi; vya siku ndefu huku havifanyi kichwa. Kipo kimoja cha Texas kinaitwa 1015, yaani tarehe 15 ya mwezi wa 10, siku ya kusia mbegu zake. Wamekuandikia tarehe kwenye jina la kitunguu, bado unaniuliza upande lini! Usiposia mbegu, nunua miche yake baada ya Krismasi. Karoti mbegu moja kwa moja ardhini, msihamishe. Njegere, figili, kabichi, zote sasa.

Mchicha, lengalenga kwa ndugu zetu wa Congo, pamoja na matembele na bamia: hizo kweli ni za joto, ngojeni mpaka Machi iishe. Matembele yakipigwa na baridi usiku mmoja, asubuhi ni meusi. Kateni vipande sasa, muviweke kwenye maji dirishani.

Nani ameuliza vidukari, wale wadudu wadogo wanaofyonza majani? Wanakuja, hata Januari. Maji na sabuni kidogo, na unyunyize chini ya jani, sio juu. Juu hawapo.