Ukurasa wa Kulipia

MWANAHAWA: Karibu tena, msikilizaji. Kaka Baraka, leo umebeba jarida gani?

BARAKA: Artforum, dada, jarida la sanaa la Marekani. Lilizaliwa San Francisco mwaka 1962, likatua New York 1967. La mraba, zito. Ukilifungua unakutana na matangazo ya galari, yaani kumbi za kuonyesha na kuuza sanaa, kurasa kwa kurasa, makala utayatafuta kwa tochi.

MWANAHAWA: Kama gazeti la zabuni!

BARAKA: Sasa sikia. Novemba 1974 wanaandika makala kuhusu mchongaji Lynda Benglis. Yeye akataka picha yake aliyojipangia iingie humo. Mhariri, John Coplans, akakataa, akisema msanii hawezi kuwapangia maudhui. Basi ukurasa ukalipiwa.

MWANAHAWA: Kama tangazo?

BARAKA: Tangazo la galari yake. Yuko uchi, kavaa miwani ya jua, na ameshika… dada, mama yangu anasikiliza kipindi hiki.

MWANAHAWA: Tuseme alikuwa anawakejeli wanaume wa sanaa. Endelea.

BARAKA: Wahariri watano wakaandika barua ya kulaani, ikachapwa humohumo. Wawili kati yao, Rosalind Krauss na Annette Michelson, wakajitoa, na mwaka 1976 wakaanzisha jarida lao, October. Maandishi mengi, picha chache tena nyeusi na nyeupe.

MWANAHAWA: Nayo hiyo October naisoma na kamusi mkononi. Wamewakimbia wenye galari, wakaishia kuandikiana wenyewe kwa wenyewe vyuoni.

BARAKA: Walau hawamwogopi mnunuzi wa tangazo la jalada la nyuma.

MWANAHAWA: Hapo sibishi. Niliwahi kuandikia jarida moja uhakiki wa maonyesho. Nikasema picha nyingi ni zilezile za mwaka uliotangulia, kilichobadilika ni rangi ya anga tu. Aya ile haikutoka. Tangazo la jalada la nyuma lilikuwa la wenye maonyesho.

BARAKA: Uliuliza?

MWANAHAWA: Nikaambiwa nafasi imebana. Na chini ya makala yangu robo ukurasa ni tupu!

BARAKA: Pole. Ila si tangazo peke yake linalobana jarida, mwenye jarida naye yumo. Oktoba 2023 mhariri mkuu wa Artforum, David Velasco, alifukuzwa kazi baada ya barua ya wasanii kuhusu Gaza kuwekwa kwenye tovuti yao. Kampuni ya Penske ilikuwa imelinunua jarida chini ya mwaka mmoja kabla ya hapo. Wahariri kadhaa wakajiuzulu.

MWANAHAWA: Kwa hiyo hili jarida letu la Kiswahili tunalotaka kuanzisha, tunalolipigia hesabu kila Ijumaa, nani alipie?

BARAKA: Wafadhili?

MWANAHAWA: Watatuletea na mada zao. Mimi nasema tuwauzie kurasa mafundi fremu wa Kariakoo na wauza rangi. Fundi fremu hajali picha ni nzuri au mbaya, fremu kashauza.

BARAKA: (anacheka) Na tukiandika kwamba fremu zenyewe zimepinda?

MWANAHAWA: Aa, kaka. Hiyo aya tutaiangalia.