Shirley Chisholm na mshahara wa dada wa kazi

Asanteni jamani, na shikamooni mama zangu mliokaa huku mbele. Leo naongelea Shirley Chisholm, mwanasiasa wa Marekani. Wengi wakimtaja wanakimbilia 1972 alipogombea urais, mimi nataka tuanzie majikoni, maana mama yake alikuwa anashona nguo na kufanya kazi za ndani kwa watu, baba yuko kiwandani, na hela ilikuwa haitoshi mpaka Shirley na wadogo zake wakapelekwa Barbados wakalelewe na bibi.

Alivyokua akawa mwalimu wa chekechea jijini New York. Mwaka 1964 akachaguliwa bunge la jimbo la New York, na kule akapigania dada wa kazi nao walipwe fidia wakikosa kazi kama wafanyakazi wengine, na ikapita. Mama yangu mimi kafua nguo za watu miaka mingi, siku akiambiwa kesho usije ndo basi tena, hakuna notisi hakuna nini, anarudi na kanga yake begani hasemi kitu. Kwa hiyo nikisoma hii habari naielewa kabisa.

1968 akashinda ubunge wa kitaifa, mwanamke mweusi wa kwanza kuingia Congress. Wakampanga kamati ya kilimo, mambo ya misitu na vijijini, mtu wa Brooklyn, mjini kabisa New York! Akasimama akakataa mbele ya wote, wakamhamishia kamati ya maveterani, yaani askari wastaafu.

Sasa hapa sikilizeni vizuri. Mei 1972 George Wallace, gavana wa Alabama, yule aliyesimama mlangoni pa chuo kikuu 1963 kuzuia wanafunzi weusi wasiingie, alipigwa risasi kwenye kampeni huko Maryland akapooza miguu. Yeye na Shirley walikuwa wanagombania tiketi moja ya urais ya chama cha Democrats, na bado Shirley akaenda hospitali kumjulia hali. Wallace akamuuliza, watu wako watasemaje? Akamwambia najua watakachosema, ila yaliyokupata nisingependa yampate mtu yeyote. Wallace akalia. Wafuasi wa Shirley wengi walikasirika sana na siwalaumu, ila mimi naona alifanya sawa.

Maana kima cha chini cha mshahara kilikuwepo Marekani tangu 1938 lakini wafanyakazi wa ndani hawamo. 1973 muswada wa kuwaingiza ukapita bungeni, Rais Nixon akaupiga veto, yaani akaukataa. Ukarudi tena, Shirley anatafuta kura za wabunge wa majimbo ya Kusini, kwao Wallace, ambao yeye peke yake asingewapata, na Wallace akamsaidia kuwashawishi. Aprili 1974 ikawa sheria, mpishi na mfuaji wakaingia.

Ila wanaohudumia wazee majumbani waliachwa nje, na Shirley akaondoka bungeni 1983, akafariki 2005, wale walioajiriwa na makampuni ya huduma wakaja kuingizwa 2015.