Tarumbeta Lisilo na Pistoni: Salamu kutoka Leipzig

Shikamooni wazee wangu. Na ninyi wenzangu, habari za siku nyingi? Niko hapa Leipzig, Ujerumani, na leo nimewaletea tarumbeta hili. Ngoja nilisogeze kwenye kamera. Mnaona? Halina pistoni hata moja, vile vitufe vya kubonyeza kwa vidole. Ni bomba tupu la shaba, limekunjwa mara mbili. Uzi huu mwekundu umezungushwa juu ya kipande cha mbao ili bomba lisicheze, na maungio hayakuchomelewa, yamezibwa kwa nta ya nyuki. Ndivyo mafundi wa Nuremberg walivyoyatengeneza miaka 300 iliyopita. Pistoni zimekuja baadaye sana, miaka ya 1810.

Sasa nyie tuliopiga wote bendi ya matarumbeta ya usharika kule Machame, lile letu ukilinyoosha halifiki hata mita moja na nusu. Hili linapita mita 2. Vidole havina kazi kabisa, ni midomo na pumzi.

Bomba hili lina sauti zake za asili tu, nazo tunazihesabu kwa namba kutoka chini kwenda juu. Huku chini sauti zimeachana. Sikilizeni: do, sol, do, mi. Kama ngazi iliyong'oka vipago! Wimbo unapatikana huku juu, kuanzia sauti ya 8, ambako zimebanana. Na huko huko ndiko iliko ya 11. Wanakwaya mtanielewa: si fa, wala si fi (ile fa iliyopandishwa nusu sauti), imekaa katikati. Bach, yule mtunzi wa muziki wa kanisa wa hapa Leipzig, anakuandikia fa, mistari miwili mbele anakuandikia fi, na zote mbili unazitoa kwenye sauti ileile moja. Unaibembeleza kwa midomo, ishuke kidogo, ipande kidogo. Nimekaa na noti hiyo wiki sita. Siku iliponyooka, mwili mzima ulinisisimka.

Wapigaji wengi siku hizi wanatoboa vitundu kwenye bomba ili kuirekebisha. Siwalaumu, lakini mimi nataka niipate kama alivyoipata Gottfried Reiche, mpiga tarumbeta wa Bach hapa hapa mjini. Usiku wa Oktoba 5, 1734, walimpigia mfalme, Augustus III, kazi mpya ya Bach pale uwanja wa soko, nje, mienge ikiwaka kila upande. Kesho yake Reiche akaanguka njiani akirudi kwake, akafariki. Alikuwa na miaka 67. Watu wa wakati ule walisema ni ule moshi, pamoja na kazi kubwa ya kupuliza. Napita pale karibu kila siku, na kila nikipita namkumbuka mzee yule.

Halafu mji wenyewe ni huu huu ulioituma Misioni ya Leipzig, wamisionari wa Kilutheri, kwetu Kilimanjaro mwaka 1893. Bibi yangu alikuwa akilitaja jina hili kila mara.

Jumapili tulipiga kanisani, matarumbeta matatu na ngoma mbili za shaba. Ya 11 ilikuja mara nne, zote zikakaa sawa.

Haya, tulieni niwapigie. Hii ni fa.

Na hii, fi.