Medali ya Utumishi Uliotukuka ya Uingereza: fedha, utepe na pensheni

Mabibi na mabwana,

Lugha yetu imenirahisishia kazi ya leo, kwa kuwa neno fedha hutaja madini na hutaja pia pesa, na medali nitakayoizungumzia ilizaliwa ikiwa na fedha kwa maana zote mbili. Ni Medali ya Utumishi Uliotukuka ya Uingereza, iliyoanzishwa tarehe 19 Desemba 1845, enzi ya Malkia Victoria, kwa ajili ya masajenti wa jeshi la nchi kavu. Askari wa Royal Marines, kikosi cha wapiganaji wa kutoka melini, waliingizwa mwaka 1849.

Jeshi hilo lilikwisha kuwa na Medali ya Utumishi Mrefu na Maadili Mema tangu 1830. Kilichoitofautisha hii mpya ni malipo: mtunukiwa alipata nyongeza isiyozidi pauni 20 kila mwaka, na Serikali ilitenga kwa kazi hiyo pauni 2,000 kwa mwaka. Gawanya wenyewe, mtaona kwamba kila mmoja akilipwa kiwango cha juu, fungu hilo linawatosha watu 100 tu. Ndiyo maana sajenti aliyestahili aliweza kungoja miaka mingi, hata baada ya kustaafu, mpaka nafasi ipatikane. Na nafasi, tusifichane, ilipatikana zaidi pale aliyetangulia alipofariki.

Sasa tuitazame medali yenyewe. Ni ya duara, ya madini ya fedha, yenye kipenyo cha milimita 36. Uso wake ulichongwa na William Wyon, mchongaji mkuu wa kiwanda cha kifalme cha kupiga sarafu, ambaye sura yake nyingine ya Victoria ndiyo iliyofuatwa katika stempu ya kwanza ya posta duniani, mwaka 1840. Upande wa pili kuna taji dogo, na chini yake shada la majani linalozunguka maneno matatu tu ya Kiingereza, yenye maana ya “kwa utumishi uliotukuka”. Hakuna silaha, wala mnyama mkali, wala jina la vita. Kwa maoni yangu, ukimya huo ndio ubora wa mchoro huu, maana utumishi unaosifiwa hapa ni wa miaka mingi ya kambini, ghalani na kwenye gwaride, ambao hauna picha moja ya kuuwakilisha.

Utepe ulileta matatizo zaidi. Ulikuwa mwekundu uliokolea, karibu na ile rangi tuiitayo damu ya mzee, bila mstari wowote. Utepe wa Medali ya Utumishi Mrefu ulikuwa hivyohivyo, na wa Msalaba wa Victoria, nishani kuu ya ushujaa, nao ulikuwa mwekundu kwa askari wa nchi kavu. Kwa kuwa siku za kawaida askari huvaa kipande cha utepe bila medali, macho yalikosa pa kushika. Mwaka 1916 kingo zake mbili zikatiwa weupe. Agosti 1917 ukaongezwa mstari mweupe wa katikati, na mistari hiyo mitatu ndiyo iliyobaki kuwa alama yake.

Mabadiliko hayo ya utepe yalikuja wakati maana ya medali nayo inabadilika. Oktoba 1916, vita vikiwa vimepamba moto, iliruhusiwa kutolewa papo hapo kwa askari wa vyeo vya chini kwa kazi ya thamani, na Januari 1917 pia kwa matendo ya ujasiri yasiyofanyika mbele ya adui. Hawa hawakupewa malipo ya mwaka. Utoaji wa namna hiyo ulikomeshwa mwaka 1928, lakini ile ya masajenti wa miaka mingi iliendelea, na mwaka 1977 jeshi la majini na la anga, ambayo nayo yaliwahi kuitoa, yalirudishiwa ya kwao.

Kwa hiyo medali mbili za mwaka 1917, moja ya sajenti mzee mwenye pauni zake za kila mwaka na nyingine ya kijana asiyelipwa chochote, zina uso uleule wa Mfalme George wa Tano, shada lilelile na maneno yaleyale matatu. Tofauti, kama ipo, itafutwe ukingoni, palipopigwa chapa ya cheo, jina na kikosi. Na hata hapo, nani alilipwa na nani hakulipwa hapakuandikwa.