Gamba Tupu Lina Mwenyewe: Mhadhara Uliotolewa Kigoma

Wazee wa mwalo, walimu wenzangu na wanafunzi, wale mlionisikia Ujiji mtanivumilia, maana neno langu ni lile lile: gamba tupu la konokono si taka, ni nyumba, na mfano wangu ni kaa mdogo wa baharini anayeishi ndani yake. Najua yupo anayejiuliza kaa wa baharini anatuhusu nini sisi watu wa ziwa. Nitamjibu, lakini kwanza nimalize ya kaa.

Kaa huyu, ambaye wataalamu humwita Calcinus laevimanus nami humwita kaa mpangaji, huishi kwenye miamba ya matumbawe kuanzia pwani ya Afrika Mashariki hadi Hawaii. Ni mdogo, ukimweka kiganjani nafasi inabaki. Mbele amejihami vizuri, ila tumbo lake ni laini na limejipinda, kwa hiyo hulitia ndani ya gamba la konokono aliyekufa, akalishikilia kwa miguu midogo ya nyuma, na akitishwa hujivuta ndani na kuziba mlango kwa gando lake la kushoto, ambalo ni kubwa kuliko la kulia. Tatizo ni kwamba mpangaji hukua ilhali nyumba haikui. Akikosa gamba kubwa zaidi hudumaa, na jike hubeba mayai machache. Likipatikana moja, hulipapasa kwa magando, huligeuza, hupima mlango wake, kisha huhama kufumba na kufumbua, na gamba aliloliacha huchukuliwa na mdogo wake, na la huyo na mwingine. Ukiokota gamba moja, umewanyima nyumba wengi waliokuwa kwenye foleni.

Msidhani nawahukumu wengine. Nilipokuwa kijana nilijaza mfuko wa magamba katika ufuo mmoja wa Dar es Salaam, nikapanda treni kuja huku nikijisifu kwa zawadi nilizobeba. Siku ya pili behewa lilianza kunuka, abiria wakamtazama kwa jicho baya mama mmoja aliyekuwa na dagaa, naye akaapa kwamba dagaa wake ni wakavu. Nilipofungua mfuko wangu nilikuta, katika kila gamba nililoliona tupu, gando limeziba mlango, na mwenye gando amekufa. Yule mama sikumwomba radhi, na jambo hilo hunisumbua hadi leo.

Sasa, aliyeuliza kuhusu ziwa. Chini ya Tanganyika yamelala magamba ya konokono aitwaye Neothauma, na ndani yake huishi samaki wadogo wasiofikia urefu wa kidole cha kati, ambao hutaga na kulea humo humo. Kaa mpangaji hatunaye, ila wapangaji tunao. Habari ya matumbawe yanayopauka kwa joto la bahari nilitaka kuieleza kwa kirefu, lakini mwenyekiti ameshanionyesha saa mara mbili.

Gamba la Neothauma ninalolizungusha naomba lirudi mezani, wala lisiingie mfukoni mwa mtu. Jioni nalirudisha ziwani.